Linus Pauling: Msee Aliyekosa Cheti cha Sekondari, Akabeba Nobel Mbili Peke Yake

Cheki hii. Chukua kikombe cha maji pale Rapsu, Isiolo, saa saba mchana, jua likipiga mpaka mbuzi wamejibanza kivulini. Maji ni maji tu, si ndio? Unakunywa, unamwagilia kitunguu, unaosha nguo, maisha inasonga.

Lakini ukipiga hesabu ya kemia, hayo maji hayafai kuwa kwenye kikombe. Molekuli ya maji ni nyepesi sana. Ana binamu anaitwa haidrojeni salfaidi, ile hewa yenye harufu ya yai bovu. Huyo binamu ni mzito karibu mara mbili ya maji, na bado huchemka akiwa nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji, kwa wepesi wake, yangefaa kuchemka hata kabla ya hapo. Mfereji wa Rapsu ungekuwa hewa tupu. Hakuna kitunguu, hakuna mbuzi, hakuna wewe.

Sasa kwa nini maji hayajatoroka? Ni kwa sababu molekuli zake zinashikana. Na jamaa aliyefanya dunia ielewe hii stori ya kushikana anaitwa Linus Pauling. Huyu msee alikufa 1994, lakini hata leo ukiwa fomu tatu unahangaika na vifungo vya kemikali, ujue unahangaika na kazi yake. Na kama kuna mtu kwenu ana selimundu, wengine huiita sikoseli, basi stori yake inakuhusu zaidi ya unavyofikiria. Kaa hapo.

Fathe akaenda mapema

Linus alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 huko Portland, jimbo la Oregon, magharibi ya Marekani. Fathe wake, Herman, alikuwa mtu wa duka la dawa. Hawakuwa matajiri, walikuwa wale wa kusukuma siku. Kwa muda waliishi Condon, ushago kabisa, nchi kavu ya mashamba ya ngano.

Kijana alikuwa anasoma kila kitu kinachopita mbele ya macho. Akiwa na miaka tisa, fathe aliandikia gazeti barua kuuliza mtoto kama huyu atafutiwe vitabu gani. Muda mfupi baadaye, Juni 1910, Herman akafa kwa vidonda vya tumbo. Hakuwa amefika hata miaka 35.

Mathe, Belle, akabaki na watoto watatu na nyumba moja aliyoanza kukodisha vyumba ili wale. Tena yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa na ile anemia kali ambayo siku hizo haikuwa na dawa. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Akiwa na miaka 13, beshte yake Lloyd Jeffress alimwonyesha kitu kimoja chumbani. Alichanganya sukari na kemikali fulani, akadondosha asidi, na sukari nyeupe ikageuka makaa meusi. Wengine wangesema ni uchawi, wakaenda kucheza. Linus alienda nyumbani akitaka kujua ndani ya sukari kuna nini. Babu yake alikuwa mlinzi wa usiku karibu na kiwanda cha chuma kilichoachwa, so kijana akawa anaingia huko kuokota chupa za kemikali na vifaa, anabeba mos mos mpaka kwao. Maabara yake ya kwanza ilijengwa na vitu vya kuokota.

Cheti kilikataa

Hapa ndio wengi mtamwelewa. Akiwa na miaka 16, Linus alikuwa amemaliza masomo yote ya sayansi ya sekondari, lakini hakuwa amefanya historia ya Marekani, ambayo ilikuwa lazima usome kwa mihula miwili. Akaomba afanye sehemu zote mbili kwa muhula mmoja. Mwalimu mkuu akakataa. Linus akaondoka bila cheti.

Kwa bahati, chuo cha kilimo cha Oregon hakikujali hicho cheti, kikamchukua 1917. Doo ndiyo ilikuwa ngori. Alikuwa anapasua kuni, anapiga deki jikoni na kukatakata nyama ya bweni la wasichana, karibu saa mia moja kwa mwezi, senti 25 kwa saa. Mwaka 1919 mathe akawa hana kitu kabisa, kijana akabaki nje ya darasa, akifanya kazi ya barabara, kukagua lami. Chuo kilipoona kitampoteza, kikamwita arudi kufundisha. Yaani umri wa miaka 18, hana digrii, cheti cha sekondari pia hana, na anafundisha wenzake kemia.

Mwaka 1922 akapewa darasa la wasichana waliosomea mambo ya nyumbani. Siku ya kwanza akauliza swali kuhusu amonia, akamwelekezea dem mmoja anaitwa Ava Helen Miller. Ava Helen akajibu freshi kabisa. Mwaka uliofuata, Juni 1923, walioana, na wakakaa pamoja miaka 58. Huyu mama hakuwa wa kupiga picha tu pembeni ya mzee. Utaona.

Mikono ya atomu

Linus akaenda Caltech, chuo cha Pasadena, California, akapata udaktari wake 1925. Mwaka 1926 akapewa ufadhili wa kwenda Ulaya kusoma fizikia mpya ya elektroni. Na akiwa huko Ulaya, Julai 1926, mathe wake akafa na ile anemia. Cha kuuma ni kwamba mwezi uliofuata, Agosti 1926, madaktari wa Boston walitangaza kuwa wagonjwa wa ugonjwa huo huo wakilishwa maini kwa wingi wanapata nafuu. Belle alikuwa amezikwa tu juzi.

Alirudi Caltech 1927 na swali moja kubwa: atomu zinashikanaje? Watu walijua kaboni ina mikono minne. Lakini fizikia mpya ilikuwa inasema elektroni za kaboni haziko sawa, nyingine zinakaa kwa duara, nyingine kwa mfano wa njugu mbili zilizogusana ncha. Kwa hesabu hiyo mikono minne haikufaa kuwa sawa, na kwenye maabara ilikuwa sawa kabisa. Kuna kitu hakikuwa kinaingiana.

Mwaka 1931 Pauling akatoa jibu. Alisema elektroni zikienda kushikana, zinachanganyika. Zile sura tofauti zinakorogwa kama unga na maji, zinatoka nne zinazofanana. Na kwa vile elektroni hazipendani, hizo nne zinakaa mbali kadiri inavyowezekana. Fikiria mafiga matatu chini na la nne linaelekea juu. Hiyo ndiyo sura ya kaboni, nyuzi 109 na nusu kati ya mkono na mkono. Sukari, mafuta ya nyama, petroli ya boda, ngozi yako, yote yana hiyo sura ndani.

Mwaka 1932 akaongeza kitu kingine. Akapanga atomu kwa nguvu ya kuvuta elektroni. Fluorini ndiyo bingwa, baadaye akaipa 4. Oksijeni 3.5. Haidrojeni 2.1. Sasa rudi kwenye kikombe chako. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na ni mchezo wa kuvuta kamba usio na usawa. Oksijeni anavuta elektroni kwake, upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo, haidrojeni wanabaki na chaji chanya kidogo.

Na hapa sura ndiyo inaamua kila kitu. Kama molekuli ya maji ingekuwa imenyooka kama fimbo, vile kaboni dioksaidi iko, kuvuta kwa huku na kuvuta kwa kule kungefutana, mechi inaisha sare. Lakini maji yamejikunja kama kiwiko. So kuna upande wa hasi na upande wa chanya, na upande chanya wa molekuli moja unaparamia upande hasi wa jirani. Hicho ndicho kifungo cha haidrojeni. Pauling hakuwa wa kwanza kukiona, lakini kitabu chake cha 1939 kuhusu vifungo vya kemikali ndicho kilifanya kila mwanakemia akichukulie siriasi.

Kifungo kimoja cha hivyo ni dhaifu, nguvu yake ni kama moja kwa ishirini ya kifungo chenyewe cha ndani ya molekuli. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Zikishikana bilioni kwa bilioni, maji yanabaki maji hata kwenye joto la Isiolo, na yanapanda kwenye shina la mti mpaka jani la juu kabisa bila pampu.

Damu inayojipinda

Mwaka 1945 Pauling alikuwa kwenye kamati moja ya mambo ya utabibu. Usiku wakila, daktari mmoja wa Harvard, William Castle, akaanza kupiga stori ya selimundu. Na huyu Castle ndiye alikuwa amechimbua chanzo cha ile anemia iliyomuua Belle. Castle akasema seli za damu za hawa wagonjwa hujipinda zikiwa kwenye mishipa inayorudi moyoni, ambapo oksijeni imepungua, na zikifika kwenye mapafu zinapata oksijeni na kunyooka tena.

Daktari mwingine angesikia ni ugonjwa wa seli. Pauling, mtu wa molekuli, akasikia kitu kingine. Kinachobeba oksijeni ndani ya seli ni himoglobini. So shida iko kwa himoglobini yenyewe. Lazima molekuli imebadilika mahali fulani, na ikikosa oksijeni inanata na mwenzake.

Kazi akawapa vijana wake wa maabara, Harvey Itano na Seymour Singer. Walipitisha himoglobini kwenye umeme. Ya mtu mzima ilikimbia kivyake, ya mgonjwa ilikimbia kivyake. Ya mzazi mwenye jeni moja tu ilikuwa na zote mbili, imechanganyika. Novemba 1949 wakachapisha kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuonyesha ugonjwa na kusema molekuli yenye kosa ni hii hapa.

Baadaye kidogo Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, akapata kosa lenyewe. Himoglobini ina vipande 574 vilivyoungwa kama shanga. Kwenye selimundu, shanga mbili tu ndizo zimebadilishwa, moja kwa kila mnyororo wa aina ya beta, nafasi ya sita. Palipofaa kukaa shanga yenye chaji, inayopenda maji, pamekaa shanga ya aina ya mafuta, inayokimbia maji. Himoglobini ikiachilia oksijeni, hiyo sehemu ya mafuta inatafuta pa kujificha, inajibandika kwa jirani, jirani kwa jirani, mpaka wanakuwa kamba ndefu ngumu. Kamba inasukuma seli mpaka inakaa kama mundu. Seli ya mundu inakwama kwa mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanaanza, yale ya kumfanya mtoto alie usiku kucha.

Ukiwa Isiolo unaweza kusema, lakini si hata ngamia hana seli za mviringo? Ni kweli, za ngamia ni za umbo la yai, na ziko fiti zikiwa hivyo. Ngamia ndivyo alivyoumbwa. Za selimundu zimelazimishwa na molekuli zilizonata.

Mwaka huo huo, Kenya

Wakati Itano na Singer wanachapa kazi California, mwaka huo huo wa 1949, kijana mwingine alikuwa anazunguka Kenya akikusanya damu. Anthony Allison, mzungu aliyekulia shambani Gilgil, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford. Akaona kitu cha ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa wamebeba jeni moja ya selimundu. Kwenye nyanda za juu, hata mmoja kwa 100 hawakufika.

Akajiuliza ni nini kiko Mombasa na Kisumu na hakiko milimani. Jibu ni mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtoto mwenye jeni moja, anayeitwa AS, malaria haimpigi vibaya kama wengine. Ndiyo maana hiyo jeni haikuisha. Jeni moja ni ngao. Zikikutana mbili, SS, ndiyo ugonjwa.

Ona vile imeshikana. Pauling alionyesha kosa liko kwa molekuli, Allison akaonyesha kwa nini kosa hilo limekaa kwetu. Kati yao wawili, laana ikakosa kazi. Si mkosi wa ukoo, si jicho la jirani, si mama alikanyaga kitu akiwa na mimba.

Nobel, maandamano, na dinner

Mwaka 1954 Pauling akapewa Nobel ya Kemia. Wengi wangekaa hapo wakule maisha. Lakini Ava Helen alikuwa anamsukuma muda mrefu: sayansi inakusaidia nini kama dunia itachomwa? Nchi kubwa zilikuwa zinajaribu mabomu ya nyuklia hewani, na vumbi lake lenye sumu lilikuwa linaingia kwenye maziwa na mifupa ya watoto. Mwaka 1958 yeye na Ava Helen wakapeleka Umoja wa Mataifa ombi la kusimamisha majaribio, lenye sahihi za wanasayansi zaidi ya 11,000.

Serikali yake haikufurahia. Tayari mwaka 1952 walikuwa wamemnyima pasipoti. Mwaka 1960 kamati ya Seneti ikamtaka ataje waliomsaidia kukusanya sahihi. Akakataa kuwachoma.

Aprili 1962 akaenda kuandamana nje ya ikulu ya Marekani na bango mkononi. Jioni ya siku hiyo hiyo akavaa suti, akaingia ndani ya ikulu hiyo hiyo kula dinner na Rais Kennedy, kwa sababu washindi wa Nobel walikuwa wamealikwa. Buda, hiyo ni roho ya aina gani? Na mwaka huo huo wa 1962, shule yake ya zamani ikamtumia kile cheti cha sekondari. Miaka 45 baadaye.

Nobel ya Amani ya 1962 alikabidhiwa Oslo tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya Kenya kupata uhuru. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyebeba Nobel mbili nzima bila kugawana na yeyote.

Alikosea pia

Tusimfanye malaika. Mwaka 1953 alitangaza sura ya DNA na akakosea vibaya. Aliipa nyuzi tatu badala ya mbili, na akaweka ndani sehemu ambazo zinasukumana kwa chaji. Yeye, baba wa vifungo! Miezi michache baadaye Watson na Crick wakaleta iliyo sahihi. Uzeeni alishikilia kwamba vitamini C nyingi inazuia homa na kusaidia wagonjwa wa saratani, na majaribio makubwa ya hospitali hayakumuunga mkono.

Kosa baya zaidi lilikuwa 1968. Aliandika kwamba vijana waliobeba jeni ya selimundu wachorwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye jeni wasipendane. Nia yake ilikuwa kuzuia watoto kuteseka. Lakini fikiria wewe, unatembea mtaani na alama usoni, kila mtu anakusoma kabla hujasema jina lako. Mtu aliyetuondolea laana karibu aturudishie, kwa wino.

Ava Helen alifariki 1981. Linus akamfuata tarehe 19 Agosti 1994, kwa saratani ya tezi dume, nyumbani kwake Big Sur, California. Alikuwa na miaka 93.

Sasa wewe

Alama ya usoni hatuitaki, lakini kujua tunataka. Kama wewe ni AS na mpenzi wako ni AS, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kuleta mtoto wa SS. Si mtoto wa nne ndiye atakuwa mgonjwa, ni kila mimba upya, kama kurusha sarafu mbili. Na usiseme hii ni stori ya watu wa ziwa na pwani. Siku hizi mwalimu wa Kisumu anafundisha Isiolo, dem wa Kilifi anauza duka Garbatulla, na mapenzi hayaangalii ramani.

AS wengi hawaumwi kitu, so huwezi kujijua kwa kujiangalia kwenye kioo. Uliza hospitali kipimo cha himoglobini, kile kinachotenganisha damu kwa umeme, mtoto wa kile walichofanya Itano na Singer. Jibu ni lako, liweke kwa mfuko, na umwambie yule unayepanga maisha naye. Mkijua mapema, mnaamua mkiwa wawili na akili imetulia. Na kama tayari kuna mtoto wa SS nyumbani, mpe maji mengi, mkimbize kliniki akianza homa, na jirani akija na stori za mkosi, mwambie ni shanga mbili kati ya 574.